Kupanda ni Siku Moja, Kutunza ni Kiangazi Kizima

USINGE ni kituo cha Reli ya Kati katika Wilaya ya Kaliua, Mkoa wa Tabora, upande wa kuelekea Kigoma. Kwa msomaji wetu wa Unguja au Pemba jina hilo huenda likawa geni. Hata hivyo tunaomba uvumilivu wake leo, kwa kuwa jambo tuliloliona huko mwishoni mwa kiangazi linatuhusu sote, wa bara na wa visiwani, na linawahusu zaidi wale waliokabidhiwa kalamu ya kuandika makadirio ya fedha za umma.

Tulipita mbele ya ofisi moja ya umma. Uwanja wake ulikuwa umefagiliwa, mawe yamepakwa chokaa na kupangwa kando ya njia, na mbele ya mlango kulikuwa na mistari minne ya mashimo. Katika kila shimo kilisimama kijiti kikavu. Kando yake palikuwa na kibao kilichotaja aliyepanda miti hiyo na tarehe aliyoipanda. Rangi ya kibao ilikuwa bado mpya. Miti ilikuwa imekwisha kufa. Tulipouliza, mzee mmoja alitujibu kwa upole kwamba siku ya kupanda watu walikuwa wengi sana, ila siku ya kumwagilia hakuitwa mtu.

Hatuyasemi haya ili kumwaibisha mtu yeyote. Vibao vya namna hiyo vimo katika mikoa mingi. Tunayasema kwa sababu tunaamini kwamba miti ile haikuuawa na jua peke yake. Iliuawa kwanza kwenye karatasi, katika makadirio yaliyokuwa na fungu la kununua miche na yasiyokuwa na fungu la kuitunza.

Ni vema kwanza tuifahamu nchi yenyewe. Tabora si jangwa. Hupata mvua ya milimita 900 hivi kwa mwaka, lakini mvua hiyo hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Sisi wa visiwani tuna masika na tuna vuli. Mche uliokosa mvua hii huweza kuitarajia ile. Huko, wakati Unguja ingali ikinyeshewa masika ya mwezi Mei, mvua imekwisha kukatika. Tangu hapo hadi Oktoba ardhi hukauka, majani hugeuka kuni, moto wa nyika hutembea, mifugo hutafuta chochote kilicho kibichi, na mchwa hula kilichosalia. Kwa miezi 6 mche mchanga huishi maisha ya jangwani, ijapokuwa ramani haikuiita nchi hiyo jangwa.

Sasa tupige hesabu ndogo, ambayo karani yeyote anaweza kuihakikisha. Tuchukue uwanja wa shule au zahanati wenye miche 200, na tuupe kila mche lita 20 za maji kwa wiki. Tangu Mei mosi hadi mwisho wa Oktoba ni wiki 26. Maji yanayotakiwa ni lita 104,000, yaani madumu 5,200 ya lita 20. Kwa wiki moja ni madumu 200, na kwa siku 5 za kazi ni madumu 40 kila siku. Mtu mwenye baiskeli achukuaye madumu 4 kwa safari atakwenda kisimani mara 10 kwa siku. Hiyo ni kazi ya mtu mzima, yenye ujira wake, baiskeli yake na matengenezo yake. Je, ni makadirio mangapi ya ofisi zetu yanayomtaja mtu huyo?

Mara nyingi jibu ni kwamba wanafunzi watamwagilia. Kujitegemea ni msingi tuliourithi na tunauheshimu. Mtoto kuutunza mti wake mmoja ni elimu njema. Lakini madumu 40 kila siku si elimu tena, bali ni saa za masomo zilizochukuliwa ili kuziba pengo la bajeti. Isitoshe, shule hufungwa katikati ya mwaka, na kiangazi hakina likizo.

Liko jambo jingine ambalo maofisa wetu wanalifahamu vizuri kuliko sisi. Mwaka wa fedha wa Serikali, bara na Zanzibar, huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Huko Tabora miti hupandwa kati ya Novemba na Januari, kwa fedha za mwaka mmoja. Kiu yake huanza Mei, wakati fungu la mwaka huo linaelekea kwisha, na hukomaa Julai na Agosti, wakati fungu la mwaka mpya ndiyo kwanza linafunguliwa. Hivyo mche huzaliwa katika bajeti moja na kufa katika bajeti nyingine, na hakuna mhasibu anayejiona amekosea. Kadhalika, kupanda huhesabiwa kuwa maendeleo, nako kutunza huangukia katika matumizi ya kawaida. Na panapotokea upungufu, matumizi ya kawaida ndiyo hukatwa mapema.

Wala hatupungukiwi na hamasa. Tulikuwa na Mtu ni Afya mwaka 1973 na Misitu ni Mali mwaka 1980. Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru ziliachwa ili taifa zima lifanye usafi. Liko pia agizo la kila halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Kampeni huamsha watu, na taifa lisiloamshwa hulala. Lakini agizo la kupanda hujibiwa kwa taarifa ya kupanda. Aliyeulizwa amepanda mingapi hataeleza imepona mingapi.

Wazee wetu walilielewa jambo hili bila ya semina. Hapa visiwani, muungwana aliyetaka kujenga msikiti hakuishia kwenye kuta. Aliuwekea wakfu minazi, mikarafuu au nyumba ya kupangisha, ili mazao yake yalipe mafuta ya taa, mikeka na ukarabati baada ya yeye kufa. Fedha ya kutunza ilizaliwa siku moja na jengo. Ndugu zetu walioko Oman, nchi ya jangwa hasa, wanaona jambo hilo hilo katika mifereji ya kale iitwayo falaj, ambayo mitano kati yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji ya mfereji hugawiwa kwa zamu, na zipo zamu ambazo hunadiwa ili fedha yake isafishe na kutengeneza mfereji wenyewe. Watu wa jangwani hawakungoja mfereji uzibe ndipo waanze kuchangishana.

Hata Usinge haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Nchi hiyo imo katika njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji. Njia iliyobeba pembe na, kwa masikitiko, wanadamu wenzetu waliofungwa minyororo. Miembe mikongwe ya Tabora na Ujiji ni kumbukumbu ya njia hiyo. Sisi nasi mitaa yetu tumeiita Miembeni, Mwembetanga, Mwembeladu na Mwembeshauri, na tunaipita miembe ya Bikhole kila tuendapo Makunduchi. Miti iliyotupatia majina ya mitaa ilikuwa na mtu aliyeilinda ilipokuwa fimbo.

Tutaambiwa kuwa fedha ni chache, na kwamba dawa na madawati hutangulia kivuli. Hoja hiyo ina uzito. Lakini haimtetei mwenye kununua miche 1,000 ili ife. Humtaka anunue 200 na kuivusha. Na kivuli si pambo. Mama mjamzito anayengoja zamu yake kwenye uwanja wa zahanati, mwezi Oktoba saa 7 mchana, anajua thamani ya mti mmoja kuliko sisi tunaoandika chini ya feni.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, ombi lolote la kupanda miti au kutengeneza bustani katika eneo la umma lisipitishwe bila ya fungu la utunzaji wa viangazi vitatu. Pili, fedha ya maji na ulinzi wa miche itengwe ikiwa imekwisha kuivuka tarehe 30 Juni, kwa kuandikwa katika makadirio ya miaka yote miwili tangu mwanzo. Tatu, taasisi zilizo jirani, kama shule, zahanati na ofisi ya kata, zichangie mshahara wa mtunza bustani mmoja mwenye ujuzi. Mtu huyo atajua kufyeka njia ya kuzuia moto kabla majani hayajakauka, kuchimba kisahani cha maji kuzunguka mche, na kutandaza majani makavu bila ya kuyagusisha shina, mchwa wasije wakapata daraja. Atajua pia kuwa uwanja unaofagiliwa hadi udongo mtupu, kwa kuogopa nyoka, hupoteza udongo wake kwa upepo na mvua. Basi ufagiliwe karibu na majengo, na majani yake yapelekwe chini ya miti badala ya kuchomwa. Nne, miti ihesabiwe tarehe 1 Novemba, kiangazi kikiwa kimekwisha, na taarifa ya iliyo hai ndiyo ipelekwe wilayani.

Mapendekezo haya hayahitaji sheria mpya wala mfadhili. Yanahitaji mstari mmoja zaidi katika kitabu cha makadirio, na kiongozi atakayekubali kuandikwa kwenye kibao baada ya miaka mitatu, mti ukiwa umesimama. Tunawaomba wanaoandaa bajeti ijayo, huko Kaliua na hapa kwetu, waanze na mstari huo. Mzee wa Usinge bado anangoja siku ya kumwagilia, aitwe.