Acheni Kununua Kutu kwa Sababu Ina Kadi

Ndugu zangu wa Sumbawanga, Laela na Matai,

Nimesikiliza ile sauti mliyotuma kwenye kundi la ukoo mpaka chakula kikanishinda. Eti tela jipya la mdogo wangu, la kujiundia, limezuiwa njiani likitoka Matai na magunia ya mahindi, kisa halina kadi wala namba. Na ushauri aliopewa na watu wazima wenye akili zao ni kwamba aachane nalo, akanunue tela bovu lililotelekezwa vichakani mpaka mti ukaota katikati ya bodi, kwa kuwa hilo lina kadi. Alifufue hilo!

Nanyi mkaitikia "ushauri mzuri".

Uzuri uko wapi? Tela jipya lina ekseli ya Fuso iliyonyooka na chuma kisicho na tundu. Lile la vichakani limekatwa, likaungwa, likakatwa tena, na kadi yake haijui lolote kati ya hayo. Atalichomelea upya lote, abakize namba peke yake, halafu litapita barabarani kihalali kama vile ni lilelile. Tunasajili karatasi, mzigo unabebwa na kitu kingine.

Na kujiundia tela si uhalifu. Huku Ujerumani niliko, kila kiangazi barabara hujaa matela ya kulala, vijumba vinavyovutwa na magari. Mwaka 1931 bwana mmoja wa mji mdogo wa Isny, Arist Dethleffs, ambaye ukoo wao ulikuwa ukitengeneza mijeledi, alichoka kusafiri kikazi peke yake. Mkewe Fridel, mchoraji, alitaka waongozane. Basi akaunda tela la kulala. Watu wakaliona, wakataka ya kwao, na hadi leo jina lake limeandikwa ubavuni mwa matela.

Msinijibu kwamba hiyo ni Ulaya. Wafipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, tanuri za udongo zilizopita kimo cha mtu na kuvuta hewa zenyewe bila mivukuto, kabla majembe ya kiwandani hayajaiua kazi ile. Leo mjukuu wao akiunga vyuma viwili anaonekana mhalifu.

Ninachotaka ni ukaguzi. Huku anayejiundia tela halalamikiwi, anakaguliwa. Analipeleka kwa mhandisi wa TÜV, shirika la ukaguzi, na mhandisi huyo anapima kiungio, ekseli, breki na taa, anaandika ripoti, ndipo ofisi ya usajili inatoa namba. Na msidhani mambo haya yaliteremshwa na serikali. Mwaka 1865 boila ya kiwanda cha bia ililipuka Mannheim, na mwaka uliofuata wenye maboila wenyewe wakaunda chama cha kuyakagua, ndicho chimbuko la TÜV. Tena huku tela la shamba linalovutwa na trekta kwa mwendo usiozidi kilomita 25 kwa saa limesamehewa hata usajili. Linawekewa kibao cha 25 nyuma pamoja na namba ya trekta ya mwenye tela, basi.

Sisi tunashindwa nini? Wakati wa mavuno itengwe siku moja kila wiki pale Sumbawanga. Mkaguzi wa magari wa polisi, fundi wa SIDO au VETA na ofisa wa TRA wakae meza moja, ada ibandikwe ukutani kila mtu aione. Fundi agonge jina lake na namba kwenye chasisi, ili tela likikatika kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa tujue nani alichomelea. Maana siwatetei wote, kuna wanaounga mkono wa kuvutia kwa nondo! Na matela ya pawatila, zile zilizoletwa enzi za Kilimo Kwanza, yakaguliwe pia. Mnapakia wanakwaya usiku bila hata reflekta moja, mnaimba, halafu mnaniambia Mungu yupo. Yupo, ila dereva wa lori hawaoni.

Najua mtasema: huyu alikimbia baridi ya Ufipa akaenda kwenye baridi zaidi, leo anatufundisha kubeba mahindi. Semeni. Tangu mzee afariki shamba liko mabegani mwa mdogo wangu, mimi natuma hela na maneno, na maneno ndiyo mengi. Ile ekseli ya Fuso niliinunua mimi; nilitaka kitu changu kiwe hapo wakati mimi sipo. Sasa mnataka iende skrepa.

Kwa hiyo nendeni kwa diwani kabla ya kikao cha baraza. Barua nitaiandika mimi, ninyi pigeni picha za viungo vyote, na za lile bovu pia, kutu ionekane. Mdogo wangu, faini nitalipa, ila hilo tela usiliuze. Na kuhusu lini narudi, nipigie simu, tusiongelee kwenye kundi la ukoo.