Saa ya kula ni haki, si fadhila

JICHO LA MTAA
Na Mwanaidi Kombo

Kijana akianza kunenepa, kila mtu anageuka daktari. Punguza wali. Acha soda. Amka ukimbie. Ni nadra kusikia anaulizwa chakula chake kinamchukua dakika ngapi.

Wajapani wamelichunguza swali hilo kwa muda mrefu. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya wasichana 1,695 wa miaka 18: kadiri msichana alivyosema anakula haraka, ndivyo uzito wake ulivyokuwa mkubwa kulingana na kimo. Na hao walikuwa wanachuo wanaosomea lishe! Baadaye, Chuo Kikuu cha Okayama kiliwafuatilia wanafunzi wake kwa miaka mitatu. Wenye kula haraka ndio waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya kuzidi uzito.

Sababu iko tumboni. Chakula kikiingia, utumbo hutoa homoni zinazoupelekea ubongo habari ya shibe, lakini habari hizo huchukua kama dakika 20 kufika. Anayefagia sahani kwa dakika saba anaongeza nyingine akiwa tayari ameshiba bila kujua. Unene una mizizi mingine pia, ukiwamo usingizi haba, kazi za kukaa na maumbile ya ukoo. Huu wa haraka ndio rahisi kuugusa.

"Basi watafune polepole," mtasema. Ushauri mzuri, ila unamwangukia asiyeshika saa. Nani aliwazoesha kubugia? Ni bweni ambako kengele inalia wakati foleni ya ugali na maharage bado ndefu. Ni sinia la nyumbani lenye mikono sita, ambapo mpole huambulia wali mtupu. Kisha inakuja ajira: muuzaji wa duka Kariakoo anakula chipsi mayai amesimama, tonge mdomoni na jicho kwa mteja, kwa sababu tajiri akimwona amekaa anamhesabu mvivu.

Wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haina mafumbo: anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mwajiri si lazima ayalipie, lakini ni ya mfanyakazi. Anaweza kumtumikisha ndani ya muda huo pale tu ambapo kazi haiwezi kuachwa bila mtu, au hakuna mwingine wa kuifanya. Duka lenye wauzaji wanne halina kisingizio hicho.

Kwa hiyo maafisa kazi wakipita madukani, pamoja na kukagua mikataba, waulize watu wanakula saa ngapi na wanakaa wapi. Wakuu wa shule za bweni nao waisogeze kengele. Vijana wakishapata dakika zao, hapo ndipo tutakuwa na uso wa kuwaambia watafune.