MASTAA MNAOPAKATA WATOTO KWENYE USUKANI, MNATUFUNDISHA NINI?

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina mastaa wetu kooni, na majina nayahifadhi maana wenyewe wanajijua.

Kuna hii staili imeshika kasi Insta. Staa yuko kwenye V8, AC imefunguliwa mpaka mwisho, ngoma yake mpya inalia, na katoto ka mwaka na nusu kamepakatwa mbele ya usukani eti "kanaendesha". Kamevalishwa na jaketi la manyoya kasisikie baridi. Huko chini mashabiki wanamwaga makopakopa: "Jamani katamuuu!" Mimi mwili unanisisimka.

Tuambizane ukweli. Mtoto wa kilo 10, gari likiwa spidi 50 tu, likigonga na kusimama ghafla, anavuta kama mzigo wa zaidi ya kilo 100. Hakuna mzazi wa kuushika mzigo huo kwa mikono, hata awe anashinda gym. Na akiwa katikati yako na usukani, wewe ndiye unayemponda. Bado eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kabla hujapepesa jicho. Umetengenezwa kwa ajili ya mtu mzima, sio kichwa cha mtoto.

Dawa yake ni kiti cha mtoto, kifungwe siti ya nyuma, na mtoto aangalie NYUMA ya gari. Kwa nini nyuma? Mtoto mdogo ana kichwa kizito kuliko shingo yake inavyoweza kubeba. Akiwa ameangalia mbele, gari likigonga kichwa kinarushwa na shingo ndiyo inaumia. Akiangalia nyuma, kiti kinampokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja, kama unavyodaka embe kwa kiganja kizima. Huko Sweden, Profesa Bertil Aldman alianza kutengeneza viti vya hivyo miaka ya 1960, na wenzetu wanakaa watoto hivyo mpaka miaka kama 4. Marekani, mamlaka ya usalama barabarani inasema viti vya watoto vinapunguza vifo kwa asilimia 71 kwa wachanga na asilimia 54 kwa wa mwaka 1 hadi 4, kwenye magari madogo.

Najua mtasema hayo mambo ya Wazungu. Haya, hizo IST na Vitz mnazotamba nazo zimetoka wapi? Japani! Na Japani sheria inataka mtoto chini ya miaka 6 akae kwenye kiti chake tangu Aprili 2000. Tumeleta gari, kiti tumekiacha bandarini kwao.

Wengine mtasema Mungu ndiye mlinzi. Amina, ila usiku mlango si unafunga komeo?

Kuhusu baridi, jaketi nene ndani ya mikanda ni mtego. Ajali ikitokea manyoya yanabonyea, mkanda unabaki unalegea, mtoto anachomoka. Mvalishe nguo za kawaida, funga mikanda imbane vizuri, halafu mfunike kitenge au blanketi JUU ya mikanda. Hata mkitoka huku Mtwara kupitia Masasi, Tunduru na Songea mpaka Njombe mwezi wa 6, ni hivyo hivyo. Na hiyo AC si unaweza kuipunguza tu?

Sasa sisi wa Mpapura tunaopanda Hiace na boda? Sisemi mama asiye na gari auze shamba anunue kiti. Ila usikae na mtoto siti ya mbele, na usimzungushie mkanda mmoja na wewe, maana mwili wako utamkandamiza. Mwenye hela ya V8 hana kisingizio. Hela ya puto na keki ya ghorofa kwenye bethidei ipo, ya kiti haipo?

Na ndiyo maana nawabana mastaa. Msimu wa korosho ukifika, vijana huku wanavuta gari la kwanza, na wanaendesha walivyoona kwenye simu. Staa akiposti mtoto kwenye kiti chake, kesho fundi na mwenye duka wataulizwa kiti hicho. Akiposti mapajani, tutaiga mapajani.

Ukipata cha mtumba, kague: kisiwe na ufa, mikanda isiwe imechanika, na kama kimeshapata ajali kiache.

Mastaa, kiki ziko nyingi. Mtoto sio mojawapo.

Mdau, unakubali au unabisha? Tiririka hapo chini, ila matusi nafuta.