Kilomita 820 za kuzungukia Copenhagen

Haya wadau, leo sina stori za boom wala UE. Leo nina ugomvi na ramani.

Chukua miji miwili ya kaskazini ya mbali: Iqaluit, makao makuu ya jimbo la Nunavut kule Kanada, na Nuuk, mji mkuu wa Greenland. Kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine ni kama kilomita 820, katikati ni bahari. Hiyo ni pungufu kidogo ya Dar hadi Mwanza kwa ndege. Ukipiga hesabu kwa mwendo wa jeti unapata saa moja hivi. Kwa pangaboi, saa mbili. Rahisi, siyo?

Rahisi kama ndege ipo! Air Greenland walianza safari za moja kwa moja 2012, zikafa baada ya miaka michache, zikarudi 2024, tena mara moja kwa wiki na kiangazi tu. Ndege isipokuwepo, mtu wa Iqaluit anashuka kusini hadi Ottawa, zaidi ya kilomita 2,000, anavuka Atlantiki, halafu anageuza tena kurudi magharibi. Akipitia Copenhagen, safari nzima inavuka kilomita 11,000. Barabara ya kumtoa Iqaluit hakuna, kwa hiyo asiniambie mtu apande basi.

Na hawa si wageni kwa wageni. Pande zote mbili ni Wainuit, lugha zao ni za ukoo mmoja. Kilichowatenganisha si bahari, ni serikali: huku njia zote zilielekezwa kusini mwa Kanada, kule zikaelekezwa Denmark. Ndugu wawili wanatazamana ng'ambo ya maji, lakini kusalimiana mpaka wapitie kwa wakubwa.

Najua watakaosema biashara ni biashara. Iqaluit ina watu 7,400 hivi, Nuuk kama 20,000. Ndege itajaa na nani? Hoja ina uzito, sikatai. Lakini tangu 2019 Air Greenland ni mali ya serikali ya Greenland kwa asilimia mia, na Novemba 2024 Nuuk ilifungua njia mpya ya kurukia ya mita 2,200 ili jeti kubwa zitue. Hela ya kuvuta watalii ilipatikana. Ya kuunganisha ndugu ndo iwe mzigo?

Mimi naona umbali wa kweli haupimwi kwa rula. Unapimwa kwa saa anazotumia mtu, nauli anayolipa, na kama atawahi msiba wa shangazi yake. Kwa kipimo hicho, Nuuk na Iqaluit bado ziko mbali sana, na aliyeziweka mbali ni binadamu. Basi binadamu huyohuyo azisogeze.

Ndo hivyo wadau. Anayebisha aje na hoja, tutabishana kantini.