Kabla ya kutoa kibali, zihesabiwe hatua za kiwanda

Mtu akifika duka la dawa la mtaani, iwe Manzese au Kisumu, akilalamikia jino au mgongo, mara nyingi huondoka na vidonge vya ibuprofen, ambavyo wengi wamezoea kuviita Brufeni. Huuliza bei, huuliza ameze vingapi kwa siku. Hakuna anayeuliza ni taka kiasi gani zilitupwa ili kidonge kile kipatikane.

Swali hilo lina jibu, tena la tarakimu. Serikali za Afrika Mashariki, ambazo kila mwaka huahidi viwanda vya dawa, zinapaswa kulijua.

Ibuprofen ilizaliwa Nottingham, Uingereza, katika maabara za kampuni ya Boots. Mfamasia Stewart Adams na mkemia John Nicholson waliigundua mwaka 1961, na mwaka 1969 ikaanza kutolewa nchini humo kwa cheti cha daktari, kwa jina la Brufen. Dawa ilikuwa nzuri. Kasoro ilikuwa katika njia ya kuitengeneza.

Njia hiyo ilikuwa na hatua sita. Karibu kila hatua ilidai kemikali nyingine, ikachukua kipande kidogo ilichokihitaji na kuacha makapi. Ukipima uzito wa atomu zote zilizoingia, ni asilimia 40 tu zilizofika ndani ya dawa. Maana yake, hata kama mitambo isingepoteza chochote, kila kilo 100 za ibuprofen zilizalisha kilo 150 za mabaki. Na hapo bado haijahesabiwa aluminiamu kloraidi, iliyotiwa kwa wingi katika hatua ya kwanza na kuishia kuwa taka.

Mwaka 1992 kiwanda kipya kilianza kazi katika mji mdogo wa Bishop, Texas, kikitumia njia iliyobuniwa na BHC, ubia wa Boots na Hoechst Celanese. Malighafi ya kuanzia ni ileile na dawa ni ileile, lakini hatua ni tatu. Asilimia 77 ya atomu huingia kwenye dawa. Kinachobaki ni asidi asetiki, ile inayoipa siki ukali wake, na ikikusanywa kwa matumizi mengine, kinachofaa hufikia asilimia 99. Mwaka 1997 njia hiyo ilipata tuzo ya Rais wa Marekani ya kemia isiyochafua mazingira.

Siri yake ni vichocheo. Kichocheo hufanya kazi ya mshenga: huzikutanisha pande mbili ambazo peke yao zingesitasita, ndoa ikifungwa yeye hamo, anakwenda zake kuposa kwingine. Kiasi kidogo cha metali huweza kufungisha ndoa nyingi mno kabla ya kuchoka. Njia ya zamani ilitegemea kemikali zinazotumika mara moja na kuisha; njia ya Bishop hutumia vichocheo katika hatua zote tatu.

Hatua ya mwisho ndiyo inayosisimua zaidi. Ndani yake huingizwa kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Kwa usimamizi wa kichocheo cha paladiamu, gesi hiyo hujipenyeza ndani ya molekuli, na kwa mruko mmoja molekuli inakuwa ibuprofen. Hakuna hata atomu moja ya gesi hiyo inayotupwa. Sumu ya chumbani imekuwa sehemu ya dawa ya maumivu.

Ufupi wa njia haufuti hatari. Haidrojeni floraidi, inayotumika katika hatua ya kwanza pale Bishop, huunguza ngozi na kupenya hadi mfupani, ndiyo maana huzungushwa ndani ya mitambo iliyofungwa na kutumika tena na tena. Kiwanda cha namna hiyo kinahitaji mafundi waliosomea kazi na wakaguzi wasiopokea bahasha.

Wapo watakaosema nchi maskini zianze na njia yoyote inayopatikana, usafi utafuata baadaye. Hoja hiyo haisimami. Kila kilo ya taka ilinunuliwa kwanza kama malighafi. Kila hatua inayoongezwa inadai chombo chake, moto wake, maji yake na watu wa kuisimamia. Mitambo ya hatua sita ikishasimikwa, kuibadilisha ni karibu sawa na kujenga upya, na mto ulio jirani utabeba gharama kwa miaka yote hiyo.

Leo viwanda vingi vya dawa vya ukanda huu huagiza viambato kutoka nje, hasa India na China, kisha hubana vidonge na kufungasha. Siku ya kuvitengeneza viambato vyenyewe inatafutwa kwa nguvu, na ni haki itafutwe. Basi mamlaka za mazingira za Tanzania na Kenya, kabla ya kugonga muhuri kwenye ombi lolote la kiwanda cha kemikali, zidai majibu mawili kwenye ukurasa wa kwanza: hatua ni ngapi, na kila kilo ya bidhaa itaacha kilo ngapi za taka. Mwekezaji asiye na majibu hayo arudishwe akayatafute.