Kabla ya Kubuni Istilahi, Tufungue Boneti

Yapo madai yaliyorudiwa mno hata yakachukuliwa kuwa kweli: kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi, hotuba na soga, lakini anayetaka kueleza mtambo sharti akimbilie Kiingereza. Sisi wanafunzi wa Kiswahili huyapinga madai haya katika makongamano, kisha tukayathibitisha kwa kalamu zetu, kwani aghalabu tunachotoa ni orodha za istilahi, si maelezo. Makala haya yanashikilia kwamba istilahi njema haitangulii maelezo, huzaliwa nayo.

Natuchukue mfano ulio mbali na ushairi. Gari la Mini Cooper S la miaka ya 2002 hadi 2006, lililoundwa Uingereza, lilikuwa na injini ndogo ya lita 1.6 iliyosaidiwa na supachaja. Injini ya kawaida hujivutia hewa yenyewe. Supachaja ni pampu inayozungushwa kwa mkanda na injini iyo hiyo, ikaisukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli nyingi zaidi huweza kuchomwa, na nguvu huongezeka.

Hata hivyo, hewa ikishindiliwa hupata joto, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kuishika pampu ya baiskeli baada ya kujaza gurudumu. Kwenye usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 za selisiasi huwa na uzito wa kilo 1.2 hivi. Ikipashwa hadi nyuzi 80 bila shinikizo kubadilika, ujazo uo huo hubaki na kilo 1 tu. Sehemu ya faida ya supachaja hupotea hapo. Isitoshe, hewa ya moto huweza kuufanya mchanganyiko wa petroli uwake kabla ya wakati wake na kuidhuru injini. Ndiyo sababu huwekwa kifaa cha kuipoza hewa kati ya supachaja na silinda.

Kiwekwe wapi? Katika Mini hiyo kiliwekwa juu ya injini, na boneti ikatobolewa ili upepo wa mwendo ukifikie. Njia ya hewa ikawa fupi na injini ikaitikia upesi. Ila gari likikwama kwenye msongamano, upepo hukatika, na joto la injini hukipanda kifaa kile kile kinachotarajiwa kupoza. Waundaji wengine hukiweka mbele ya rejeta, kinapopata upepo wa kwanza. Gharama yake ni mabomba marefu, na rejeta kupokea upepo uliokwisha kupata joto. Mdomo wa kuvutia hewa nao una masharti yake: ukiwa nyuma ya rejeta huvuta hewa ya moto, ukishushwa mno huvuta maji barabara inapofurika.

Sasa turejee kwenye istilahi. Tukiliswahilisha jina la Kiingereza la kifaa hiki kwa matamshi tu, tunapata 'intakula', ambalo asiyelijua atadhani ni kitenzi kilichokosewa. Tukiunda 'kipozahewa' tukiwa tumeketi maktabani, msomaji atafikiria kiyoyozi cha abiria. Lakini aliyefuata safari ya hewa kutoka mdomoni hadi silindani hutambua kwamba kinachopozwa ni hewa ya injini, na atasema 'kipoza hewa ya injini'. Kiunganifu 'ya' kimeondoa utata ambao orodha isingeuona.

Hili si suala la magari pekee. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini kijana anayejifunza ufundi katika gereji za Barabara ya Kirinyaga bado hutegemea sikio na jicho, kwa kuwa vitabu vya mitambo vimefungwa katika lugha asiyoimudu. Ujuzi anao, maandishi ndiyo hana.

Napendekeza kila toleo la jarida hili litenge ukurasa mmoja wa kueleza jinsi kitu fulani kinavyofanya kazi, na maelezo hayo yasomewe fundi kabla ya kuchapishwa. Fundi akitikisa kichwa, tuandike upya. Akielewa na kuongeza lake, hapo tutakuwa tumekikuza Kiswahili kuliko kwa azimio lolote la kongamano.