Ekskaveta Bila Kidole Gumba

Haya wasomaji, leo tunaweka kando simu, tovuti na lugha za programu. Tunazungumza chuma, mafuta na matope. Nina hoja moja tu, na nitaisema mapema ili asiye na muda aondoke nayo: ekskaveta inayokodishwa kwa pesa za umma kuzibua kalvati au kusafisha mto, ikiwa haina kidole gumba cha chuma, basi kidole gumba chake ni binadamu. Na binadamu huyo mara nyingi ni kijana wa kibarua, amesimama majini hadi kiunoni, anafunga mnyororo kwenye gogo.

Kwa wasioijua Jilore, iko upande wa bara wa Malindi, kwenye njia ya kuelekea Lango Baya. Ni mojawapo ya wadi za eneo bunge la Malindi, kaunti ya Kilifi. Upande mmoja tuna msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wa pili tuna mto. Mto wenyewe ni mmoja lakini una majina matatu: huko juu ni Athi, ukipita Tsavo ni Galana, ukikaribia bahari ni Sabaki. Kwa hiyo mvua ikinyesha Ukambani, sisi huku chini tunapokea maji, mchanga na kila kilichong'olewa njiani. Tuliona hivyo mvua za El Niño zilipopiga mwishoni mwa 2023, tukaona tena kwenye mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Maji yakishuka yanaacha magogo, visiki vyenye mizizi kama pweza, vipande vya zege na matawi yaliyosokotana mpaka hujui moja linaanzia wapi.

Kisha mashine inaletwa juu ya lori. Watoto wanakimbia kutazama, na mimi pia huwa nakwenda, sina aibu! Mashine inachota mchanga vizuri kabisa. Ikifika kwenye gogo, kazi inasimama. Opareta anajaribu kulichota, gogo linabingirika. Analisukuma kwenye ukingo apate pa kulibana, linateleza. Mara ya tatu anachoka, anapiga honi, kijana anashuka majini na mnyororo. Mnyororo unazungushwa kwenye gogo na kuning'inizwa kwenye jino la baketi. Meno ya baketi yametengenezwa kuchimba. Hayakutengenezwa kuning'iniza chochote, na mnyororo uliopachikwa pale unaweza kuchomoka wakati wowote mkono unapocheza. Aliye chini yake hana pa kukimbilia, maana miguu yake imo ndani ya matope.

SHIDA IKO WAPI?

Fanya jaribio dogo. Kunja kidole gumba ndani ya kiganja, kisha jaribu kuokota nazi kwa mkono mmoja, kiganja kikiwa chini. Utaikwaruza, utaisukuma, lakini kuishika hutaweza. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na ekskaveta ya kawaida ndivyo ilivyo. Ina mkono mkubwa, mkono mdogo na baketi, kila kimoja kikisukumwa na silinda yake ya haidroliki, na mwili mzima unazunguka juu ya minyororo yake. Nguvu yote ya baketi inaelekea upande mmoja, yaani kuvuta udongo kuja kwa opareta. Hakuna kitu upande wa pili cha kupokea nguvu hiyo. Ndiyo maana udongo unaingia kwa sababu unajaa wenyewe, lakini gogo, jiwe kubwa au bomba la kalvati linatoroka.

Dawa yake ni ya zamani na si ya ajabu. Ni bamba nene la chuma lenye meno, linafungwa chini ya mkono mdogo, likitazamana na baketi. Baketi ikikunjwa, mzigo unabanwa kati ya viwili. Mafundi wa nchi nyingi wanakiita hivyo hivyo, kidole gumba. Kikiwa hakitumiki kinakunjwa na kulala kwenye mkono, na uchimbaji unaendelea.

Viko vya aina mbili kuu. Cha kwanza hakina silinda: fundi anakiweka kwenye pembe fulani kwa pini, kikae hapo, na baketi ndiyo inayokuja kubana. Ni rahisi na hakigusi mfumo wa mafuta, ila kila ukitaka pembe nyingine lazima mtu ashuke aihamishe pini. Cha pili kina silinda yake, opareta anakifungua na kukifunga akiwa amekaa kitini. Kwa vitu vya maumbo yasiyoeleweka, kama vile visiki vyetu, hiki cha pili ndicho chenyewe.

Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi. Mashine nyingi zinazokodishwa zina njia ya ziada ya mafuta kwa ajili ya nyundo ya kuvunja mawe. Mtu anadhani hiyo inatosha. Lakini nyundo inahitaji mafuta yaende upande mmoja tu, halafu yarudi kwenye tangi. Silinda ya kidole gumba inahitaji mafuta yaweze kwenda pande zote mbili, kufungua na kufunga. Tena, silinda ya baketi kwa kawaida ina nguvu zaidi, kwa hiyo ikiendelea kukunja mzigo ukiwa umebanwa, shinikizo ndani ya silinda ya kidole linapanda. Bila vali ya kuachia shinikizo, kitapasuka kitu. Wenzangu wa programu watanielewa: ni kama kuandika funksheni inayopokea data bila kuweka kikomo.

UZITO HAUSOMI CV YA OPARETA

Kushika ni jambo moja, kuinua ni jingine. Tuchukue gogo lenye kipenyo cha mita 1 na urefu wa mita 6. Ujazo wake ni kama mita za ujazo 4.7. Gogo lililolala majini miezi linaweza kukaribia uzito wa maji yenyewe, yaani hapo tunazungumzia zaidi ya tani 4. Sasa kumbuka hesabu ya wenzo ya shule: mzigo wa tani 4 ulio mita 4 kutoka mashine unavuta sawa na mzigo wa tani 2 ulio mita 8. Na hapo sijahesabu uzito wa mkono wenyewe, ambao nao unanyooshwa mbali. Ekskaveta iliyoinua gogo vizuri karibu na minyororo yake inaweza kupinduka na gogo hilo hilo ikilipeleka mbali, hasa ikiwa imesimama kwenye mchanga wa ukingo ulioloa.

Kwa sababu hiyo watengenezaji hutoa jedwali la mizigo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 10567 kinataka uwezo unaoandikwa usizidi asilimia 75 ya mzigo unaoweza kuipindua mashine, wala asilimia 87 ya nguvu ya haidroliki yake. Kinachofikiwa mapema ndicho kinachoandikwa. Na hesabu hiyo inachukua ardhi ngumu iliyo sawa. Uzito wa kidole gumba nao lazima utolewe kwenye kiasi hicho. Kwa hiyo anayekwambia kuwa kidole gumba kinaipa mashine nguvu zaidi anakudanganya. Kinaipa mshiko. Nguvu ni ile ile, tena imepungua kidogo.

MBONA MIBUYU ILIINULIWA?

Kuna watakaosema huu ni utajiri wa Ulaya, Kilifi hatuna uwezo. Nawakumbusha mwaka 2022. Mibuyu minane ilichimbuliwa na mizizi yake hapa hapa Kilifi, na iliripotiwa kuwa ilikusudiwa kupelekwa nchini Georgia kupandwa kwenye bustani. Makelele yakawa mengi, na Novemba mwaka huo Rais William Ruto akaagiza Wizara ya Mazingira ichunguze kama vibali vilifuata sheria. Mjadala wa mazingira nauachia wenye taaluma. Mimi nilibaki na swali la mtu wa mitambo. Mbuyu ni mzigo mgumu kuliko karibu yote niliyotaja: mnene, mzito, umejaa maji, na ganda lake ukilibana kwa meno ya chuma unaliumiza. Kidole gumba hakifai hapo, panatakiwa mikanda mipana na krini. Lakini njia ya kuinua ilitafutwa, kwa sababu mteja alitaka kitu kizima na alikuwa tayari kulipia.

Basi ufundi unaweza kufika Kilifi. Gogo lililoziba kalvati ya Jilore halina mteja wa namna hiyo, ndiyo maana linainuliwa kwa mnyororo na maombi.

TUNDU LA USB LA VYUMA

Hapa nakuja kwenye eneo langu. Mnaokumbuka kompyuta za zamani mnajua printa ilikuwa na tundu lake, kipanya tundu lake, kibodi tundu lake. USB ilipokuja mwaka 1996 ikaanza kuondoa ujinga huo. Ekskaveta nyingi bado ziko kabla ya 1996. Kipenyo cha pini, umbali kati ya pini mbili za baketi, upana wa ncha ya mkono, vyote hubadilika kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, hata kati ya modeli na modeli. Kidole gumba kilichokaa sawasawa kwenye mashine hii hakiingii kwenye ile. Matokeo yake mwenye mashine anafungwa kwa muuzaji mmoja, au anaamua kuacha kabisa.

Wasweden walilishughulikia jambo hili kitambo. Wana viunganishi vya haraka vyenye vipimo vya pamoja, vile vya familia ya S, kama S60 na S70, na kampuni zinazoshindana sokoni, zikiwemo Rototilt na Steelwrist, zimekubaliana juu ya kiwango cha wazi kinachoitwa Open-S, ili kifaa cha mmoja kikae kwenye kiunganishi cha mwingine. Wapinzani wa biashara wameelewana kuhusu tundu! Sisi hatuhitaji kuanzia mbali hivyo. Tunaweza kuanza na jedwali moja la wazi: modeli za mashine zilizopo pwani, na vipimo vya pini zake. Fundi wa kuchomelea wa Malindi akiliona jedwali hilo anaweza kutengeneza kidole gumba cha pini kabla mashine haijafika, badala ya kukisia.

Naam, nimesema fundi wa jua kali, na sijatania. Kazi hiyo mikono yetu inaiweza, kwa masharti. Mkono wa ekskaveta ni sanduku la chuma lililopigiwa hesabu. Ukichomelea popote upendapo unaweza kuzaa ufa utakaouvunja siku ya mzigo mzito. Mahali pa kuchomelea paonyeshwe na mhandisi au mchoro wa mtengenezaji. Betri na vidhibiti vya elektroniki vitenganishwe kwanza, maana mashine za siku hizi zimejaa kompyuta. Na waya wa ardhi wa mashine ya kuchomelea ufungwe karibu na mahali pa kazi, umeme usipite kwenye pini na beringi.

NINACHODAI

Wakandarasi watasema gharama. Sikatai, chuma kinagharimu. Lakini hesabuni pia saa ambazo mashine imenguruma bila kazi huku mnyororo ukifungwa na kufunguliwa, dizeli inaungua na kodi inahesabiwa. Watasema maopareta hawajazoea. Wafundishwe, ni lever moja zaidi au kitufe kimoja. Watasema mnyororo umetumika miaka yote. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka minyororo ya kuinulia ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Ule uliotolewa chini ya kiti cha lori ulikaguliwa na nani?

Kwa hiyo naomba mambo manne yaingizwe kwenye kila tenda ya kuzibua mito na kalvati Kilifi. Moja, mashine iwe na kidole gumba cha haidroliki chenye vali ya kuachia shinikizo. Mbili, vipimo vya pini viandikwe kwenye hati ya zabuni, ambayo mwananchi anaweza kuisoma. Tatu, jedwali la mizigo liwe ndani ya kabini, kwa Kiswahili. Nne, mtu yeyote asisimame chini ya mzigo wala ndani ya mzunguko wa mkono, na kontrakta atakayeruhusu asimamishwe kazi siku hiyo hiyo.

Jedwali la vipimo nitalianza mimi mwenyewe, kwa kutumia kalipa na daftari, kwa mashine yoyote ambayo mwenyewe ataniruhusu kuipima. Aliye Malindi, Magarini au Kilifi mjini na anaweza kupima mbili tatu, karibu tusaidiane. Programu ya kuliweka ni kazi ya jioni moja. Lakini sharti la kwanza na la nne hayahitaji programu hata kidogo. Yanahitaji afisa anayetia saini tenda ajiulize, kabla ya kuweka wino, ni mtoto wa nani atakayeshuka majini kufunga mnyororo.